Kinyozi Tuliyemwogopa Hata Alipopona

Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa barazani hapa Voi nikimenya ndizi wakati simu ilipolia. Aliyepiga ni mama anayeuza mitumba nyuma ya soko, jirani wa kinyozi ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wamewahi kumsikia nikimtaja kwa mzaha. "Mwalimu, umesikia?" akaniuliza, na kabla sijajibu akaendelea. "Kinyozi wetu ameenda. Ameanguka saa tatu hii, mashine mkononi, akimnyoa mtu. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho." Kisha akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta. "Watu wanasema ni ule ugonjwa umemrudia. Si wewe alikunyoa juzi?" Nitasema ukweli, hata kama unaniaibisha. Kabla sijasikitika, niliogopa. Kwa kweli alikuwa ameninyoa Jumamosi iliyopita. Nilijikuta nimepeleka mkono kidevuni, nikipapasa ngozi yangu kutafuta kipele. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa na daktari wa ngozi nikaelezwa ugonjwa ule mwanzo hadi mwisho, mimi ambaye nilijua vizuri kwamba hauambukizwi kwa kugusana, nilisimama mbele ya kioo changu nikijikagua na mwenzangu maiti yake haijapoa.

Alikuwa mtu wa Makwasinyi, kule chini ya mlima Kasigau, na duka lake la kunyolea lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Hakuwa mwongeaji. Vinyozi wengi mjini hukupa habari zote za siasa na mpira kabla hawajafika kisogoni, lakini huyu alifanya kazi kimya, akikishika kichwa chako kwa vidole viwili tu, na ukitaka kugeuka alikuwa anajua kabla hujageuka. Aliniita Mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha; mimi nilifundisha kwetu Mghange, milimani, na nilipostaafu nikashuka Voi kwa sababu magoti hayakutaka tena vilima. Kwa miaka sita sikunyolewa na mtu mwingine. Kisha ukaja ule ukame mbaya, ndovu wakaingia mashambani kule kwao na kumaliza pojo na mahindi ya mke wake, na mjini watu wakaanza kunyoana nyumbani. Akafunga chumba chake, akaenda Bonde la Ufa kuwapikia mafundi waliokuwa wakisimamisha nguzo za umeme.

Huko, aliniambia baadaye, kambi yao ilikuwa chini ya miamba yenye mapango, mahali penye pimbi wengi wanaokaa juani kama wazee wa baraza. Jua likiwa kali, mafundi walikula chakula chao na kujilaza mle mapangoni kwenye ubaridi, na jioni walirudi humo kupiga gumzo, naye pamoja nao. Kulikuwa na vijidudu fulani vidogo kuliko mbu, visivyotoa sauti hata kidogo. Hakuna aliyevijali. Alirudi Voi baada ya miezi minane akafungua kazi yake, na wiki chache baadaye nikaona kipele kwenye shavu lake la kushoto, chini ya jicho. Kingine kilikuwa kwenye mkono wake wa kulia, huo huo anaoshikia mashine.

Vipele vile havikuuma wala kuwasha, na nadhani hilo ndilo lililotutisha zaidi. Jipu tunalijua: linauma, linaiva, linapasuka, mambo yanaisha. Hivi vilikua polepole tu, mwezi kwa mwezi, vikapanuka na kufanya ukingo mnene kama mdomo wa chungu, katikati pakawa pamechimbika na kushika ganda. Zahanati walimpa vidonge, vikaisha. Wakampa dawa ya kupaka, ikaisha. Kidonda cha shavuni kikafika karibu na ukope. Mjini kila mtu akakipa jina lake. Wengine walisema saratani. Wengine walisema ukoma, na neno hilo lilisemwa kwa mnong'ono. Mteja wake mmoja, mtu wa kanisa kabisa, aliniambia kuna jambo mtu huyu alilifanya huko Bonde la Ufa na sasa laana imemfuata. Viti viwili vikaanza kukaa vitupu tangu asubuhi mpaka anapofunga.

Siku yangu ya kutoroka naikumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, taulo shingoni, na alikuwa amefunga mkono wake bendeji safi. Alipokuwa akinitengeneza nyuma, ncha ya bendeji ile ikagusa sikio langu. Mwili wote ukanisisimka. Nikasema nimekumbuka mkutano, nikasimama kichwa kikiwa nusu, nikalipa na kuondoka karibu mbio. Nyumbani nilijisugua sikio kwa spiriti hadi likachubuka. Kuanzia hapo nikawa nanyolewa karibu na steji, na nilipokwenda sokoni nilizunguka kwa upande wa nyama ili nisipite mlangoni kwake. Nilifanya hivyo miezi minne. Siku moja tukakutana uso kwa uso penye duka la dawa, nami nimetoka kunyolewa, poda bado iko shingoni. Alinitazama kwa lile jicho lililokuwa limeanza kuvutwa chini na kidonda. "Wamekunyoa vizuri, Mwalimu," akasema. "Ila hapa nyuma ya sikio wameacha." Hakuwa na kejeli. Alinionyesha mahali penyewe kwenye kichwa chake mwenyewe, bila kunigusa, kisha akaendelea na safari yake.

Jioni ya siku ya pili alikuja nyumbani kwangu na bahasha ya karatasi. Alisimama nje ya geti, hakutaka kuingia. Hospitali hapa walikuwa wamemkwangua kidogo pembeni ya kidonda, wakapeleka kuangaliwa kwa darubini, na sasa wamemwandikia aende Mombasa kwa daktari wa ngozi. Karatasi ilikuwa na neno refu ambalo hakuweza kulitamka, na mimi pia sikuliweza mara ya kwanza: lishmania. "Nisomee, Mwalimu," akasema. "Kama ni ya kufa niambie sasa, kwa sababu kuna mtu kule nyumbani ameshajitolea anichome na chuma cha moto, na kesho ndiyo siku yenyewe." Nilimwuliza kama yuko tayari kuchomwa chuma karibu na jicho. Akaniambia, "Niko tayari kwa chochote. Miezi mitano nakula na sahani yangu peke yangu. Nalala stoo. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu, akinikimbilia namfukuza kama kuku." Nikamwambia chuma kisubiri, kwanza tumwone daktari. Asubuhi tulipanda treni kwenda Mombasa, na hata mle ndani niliketi naye nikiwa nimeacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

Daktari alikuwa dada kijana, mwenye maneno machache. Kitu cha kwanza alichofanya, baada ya kuosha mikono na kuvaa glavu, ni kumshika kinywa na kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga na kuutazama kwa muda mrefu. Nilimwona kinyozi akifumba macho. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemshika usoni kwa muda wa nusu mwaka. Daktari akatueleza kwamba ndani ya ngozi mle mna vimelea, vidogo mno, vinavyoletwa na usubi, ule mdudu asiyetoa sauti. Usubi anamuuma mnyama mwenye vimelea, kama wale pimbi wa miambani, kisha anamuuma mtu. "Sio laana, sio ukoma, na sio saratani," akasema. "Na haupiti kutoka kwako kwenda kwa mtu kwa kushikana wala kula pamoja." Kinyozi akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo mtoto wangu naweza kumbeba?" Daktari akamwambia, "Funika kidonda, kisha umbebe hata leo." Yule bwana akavua kofia yake akajifunika nayo uso.

Matibabu yenyewe yalitutisha kuliko ugonjwa. Daktari alisema kwa wengi sindano peke yake zinatosha, dawa inadungwa pale pale pembezoni mwa kidonda badala ya kuzungushwa mwili mzima. Lakini kinyozi alikuwa amechelewa. Ganda lilikuwa gumu, na kovu lilikuwa limeanza kulivuta jicho. Kwa hiyo angemfanyia mambo mawili kwa pamoja: mwanga wa leza utoboe vitundu vidogo sana kwenye ganda na ngozi ile nene, kisha dawa iingie vizuri kwa sindano, na labda kovu lisiwe baya. "Labda?" nikauliza mimi. "Labda," akasema. "Siwezi kukuapia. Kwa wengine inafanya vizuri sana, kwa wengine tunarudia." Kabla ya kuanza akampima moyo kwa mashine ya nyaya, kwa sababu dawa ile ina madini yanayoweza kuusumbua. Moyo ulikuwa sawa. Presha ndiyo ilikuwa juu. Daktari akaiandika kwenye kitabu chake, akaipigia mstari, akamwambia aifuatilie huku kwetu Voi kila mwezi, bila kukosa. Aliitikia kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Macho yake yalikuwa kwenye ile mashine.

Nilimwomba daktari niingie naye, akanikubalia, wote tukavalishwa miwani mizito. Kinyozi alilazwa, akawekewa vifuniko vya chuma juu ya macho ili mwanga usimpofue. Mtu ambaye maisha yake yote amepitisha wembe kwenye koo za watu, na kuwaambia watulie, sasa alikuwa amelala chali, haoni, na miguu yake inatetemeka kiasi cha kuufanya mto mdogo uanguke. Mashine ikaanza kutoa mlio wa kukwaruza. Kukawa na harufu ya nywele zilizoungua, harufu ambayo yeye aliijua kuliko sisi sote. Kisha ikaja sindano. Daktari aliingiza upande mmoja, akachomoa, akaingiza upande mwingine, akizunguka kidonda chote, na kila alipodunga ngozi iligeuka kuwa nyeupe. Alipofika upande wa juu, karibu na ukope, kinyozi akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, uko?" Nikasema niko. Akanyoosha mkono hewani, ule wa kulia, ule wenye kidonda cha pili. Nami nikautazama. Ninaandika haya nikijua mke wake atayasoma: nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, ndipo nikaushika. Aliubana mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Sidhani alijua ninahesabu. Naomba Mungu awe hakujua.

Tulirudi Mombasa kila wiki, sindano kila safari na mwanga baada ya wiki kadhaa. Baada ya safari ya kwanza uso ulivimba akashindwa kufungua jicho, akanipigia simu akisema amefanya kosa, bora angeachiwa kidonda chake. Baada ya ile ya tatu ganda lilianza kudondoka. Baada ya miezi mitatu na nusu palikuwa na ngozi nyembamba, ya waridi kwanza, halafu nyeusi, na jicho likarudi mahali pake. Kovu lilibaki, la ukubwa wa kifuniko cha soda, lakini lilikuwa kovu tu. Mtoto alilizoea akawa analisugua kwa kidole kila akibebwa.

Mji haukulizoea. Daktari alikuwa amemwandikia barua kwamba amepona na kwamba hakuwahi kuwa hatari kwa mtu yeyote. Aliiweka kwenye fremu akaitundika kando ya kioo. Watu waliingia, wakaisoma, wakafika kwenye lile neno refu, wakatoka. Nafikiri jina lile liliwaogopesha kuliko kidonda. Polepole wachache walirudi, nami nikiwa wa kwanza, nikijisifu moyoni kwa ushujaa wangu. Wengine walikaa kwenye kiti wakiwa wamekaza shingo kama watu wanaosubiri kupigwa. Nimekuwa nikijiuliza hofu ile ilitoka wapi. Sisi hapa tunaishi na ndovu. Kule Kasigau mtu hupiga madebe kufukuza mnyama mwenye uzito wa lori, kisha asubuhi anaenda shambani kuhesabu mabua yaliyobaki. Hatuogopi ovyo. Lakini ndovu unamwona. Kitu kinachokaa ndani ya ngozi ya jirani, kisichouma wala kutoa sauti, hicho hatuna debe la kukipigia, basi tunampigia jirani mwenyewe. Na wanaoumia zaidi ni wale ambao kazi yao ni kushika watu: kinyozi, msusi, mama wa hoteli anayekuwekea chapati sahanini, muuguzi. Mkono wao ukitiliwa shaka mara moja, hakuna cheti kinachousafisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima amani. Mwaka huu, tangu mvua fupi ziishe, alikuwa akilalamika kichwa. Aliweka mashine chini katikati ya kazi, akashika ukuta, akasubiri, kisha akaendelea. Nilimwona kwa macho yangu mara mbili. Mara ya pili nilimwambia, "Si yule daktari alikuambia presha? Nenda hapo hospitali wakupime, ni dakika tano." Akatazama mlangoni kwanza kuhakikisha hakuna mtu. "Mwalimu, wewe unajua mji huu," akasema. "Nikionekana kwenye foleni pale, kufika saa sita watasema imerudi. Watoto wangu wanakula kwa hivi viti viwili. Nimechukua mwaka mzima kuvijaza." Nikamwambia basi aende asubuhi sana, au aende Mombasa. Akasema ataangalia. Nami nikanyamaza, kwa sababu kichwa changu kilikuwa nusu na nilitaka kumaliziwa. Ningeweza kumshika mkono tukaenda pamoja. Ningeweza kukaa naye kwenye ile foleni na kumwambia kila apitaye kwamba tumekuja kupima presha. Madaktari walisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Ile lishmania haikuwemo kabisa katika kifo chake. Tuliokuwemo ni sisi.

Tulimzika Makwasinyi siku ya Ijumaa. Barabara ya huko mnaijua, nilifika mifupa ikiwa imelegea. Nikakuta jambo ambalo sijawahi kuliona katika matanga yoyote ya kwetu. Chakula kilikuwa kimepikwa, masufuria mazima ya wali na maharagwe, na kimanga cha wazee, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, na watu walikuwa wamekaa mbali chini ya hema, hawali. Jeneza lilikuwa limefungwa na hakuna aliyeomba kuuona uso. Mke wake alinijia, leso kiunoni, macho makavu. "Mwalimu, wanaogopa sahani zangu," akasema. "Wameambiana ugonjwa ulimrudia, na kwamba mimi na watoto tunao. Wewe ulienda naye. Tafadhali waambie."

Nilipopewa nafasi ya kusema nilikuwa na hotuba mfukoni, nzuri, yenye maneno ya kupendeza kuhusu bidii. Sikuitoa. Niliwaambia kuhusu usubi na pimbi, kuhusu mwanga na sindano, na kwamba kilichomuua ni presha ambayo nusu yetu tuliokaa pale tunayo bila kujua. Nikawaambia kwamba mimi mwenyewe nilimkimbia kichwa kikiwa nusu, na kwamba kabla ya kumshika mkono nilihesabu hadi tatu, na kwamba Jumanne niliposikia amekufa nilikwenda kwanza kwenye kioo. Nikashuka, nikaenda kwenye masufuria, nikachukua sahani ya mjane nikapakua wali, nikala nimesimama, mbele ya watu wote. Kwa muda mrefu nilikula peke yangu na nikaogopa kwamba nimeshindwa. Kisha mzee mmoja wa ukoo akainuka na fimbo yake, akaomba sahani. Baada yake wakaja akina mama wawili. Baadaye jeneza likafunguliwa, na waliotaka wakapita kumuaga.

Wakati wa kuondoka mke wake alinisindikiza hadi njiani. Alinishukuru. Halafu akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Umesema vizuri, Mwalimu. Lakini maneno haya ungeyasema wakati ule, akiwa amekaa peke yake kwenye kile chumba anawasubiri." Ninachoweza ni kuwaachia ninyi somo alilonipa yeye. Ukijua ukweli unaoweza kumwondolea mtu hofu za watu, useme akiwa hai, useme sokoni na kanisani na popote anapotajwa, useme hata kama sauti inakutetemeka na wewe mwenyewe bado unaogopa. Mimi nilikuwa na ukweli wote mfukoni kwa miaka miwili, nikautoa juu ya kaburi.